Upelelezi Haujakamilika

Filimbi ya mjomba wangu ni ya kibuyu, ndogo kuliko ngumi ya mtoto, lakini wanaoikumbuka wanasema ilikuwa inaamsha vijiji vitatu. Siku hizi imetundikwa ukutani kwake, pale Choma wilayani Igunga, juu ya mlango wa chumba cha kulala, pembeni ya upinde usio na kamba. Hajaipuliza tangu miaka ya tisini. Hata hivyo hakuna mjukuu anayeruhusiwa kuichezea.

Nilikwenda kumsalimu mwezi Julai, pamba ikiwa imeshaanza kuuzwa na mbuga ya Wembere imekauka hadi ardhi imepasuka. Tulikaa uani, ndani ya ua wa minyaa, moshi wa samadi ukifukuza nzi zizini, na mkewe akatuletea michembe ya viazi na maziwa ya mgando. Mjomba hula polepole. Hata kuzungumza anazungumza hivyohivyo: anaweka neno, anakuangalia kama limefika, kisha anaweka jingine.

Siku mbili kabla ya hapo nilikuwa nimemsindikiza jirani yangu mahakamani. Mwanawe ni mahabusu. Hakushtakiwa kwa ugaidi, bali kwa shtaka jingine katika lile kundi la makosa yasiyo na dhamana. Tulifika saa mbili asubuhi. Karandinga liliingia saa nne. Kijana alipoitwa alisimama kizimbani, wakili wa Jamhuri akasimama, akasema upelelezi haujakamilika na anaomba tarehe nyingine. Hakimu akaandika. Tarehe ikatajwa. Kijana akateremka. Mama yake alikuwa bado anafungua mkoba kutoa kitambaa apanguse jasho, na shughuli yote ilikuwa imekwisha. Alikuwa amesafiri tangu alfajiri kwa ajili ya dakika zile tatu, na hiyo ilikuwa mara yake ya kumi na moja.

Nilipomsimulia mjomba, hakusema kitu. Aliangalia mlangoni, juu, pale ilipo filimbi. Kisha akanisimulia jambo ambalo, kwa umri wangu huu, sikuwahi kulisikia nyumbani kwetu.

Vita vya Kagera vilipokwisha mwaka 1979, bunduki zilizagaa na wezi wa ng'ombe wakapata meno. Unyamwezini na Usukumani kote, Kahama, Nzega, Igunga, Shinyanga, mtu alilala tajiri akaamka hana hata ndama. Kituo cha polisi kilikuwa mwendo wa siku nzima kwa baiskeli. Mwizi akikamatwa na kupelekwa huko, baada ya mwezi ungemkuta gulioni akinunua tumbaku. Ndipo mwanzoni mwa miaka ya themanini wanavijiji wakajikusanya wenyewe, wakashika pinde na mishale, wakaweka watemi na makamanda wao. Wengi tunawajua kwa jina la sungusungu, lakini kwetu wenyewe walijiita basalama, yaani watu wa usalama. Mwano, yaani mbiu ya hatari, ulipopigwa, kila mwanamume alitoka na upinde wake, na asiyetoka alitozwa faini. Mwaka 1989 Bunge lilirekebisha sheria za mgambo, wakapata kivuli cha sheria. Ng'ombe walitulia zizini. Hilo lazima lisemwe kwa sauti, kwa sababu wanaowalaumu sungusungu leo, wengi wao hawakuwahi kulala wakisikiliza kwato zikiondoka gizani.

Basi mwaka wa pili au wa tatu wa basalama, mjane mmoja aliibiwa ng'ombe watatu. Vijana walifuata nyayo hadi karibu na nyumba ya mtu mmoja aliyekuwa akiishi pembezoni, zikapotelea kwenye mawe. Mtu huyo akaitwa chini ya mkwaju. Akasema hajui. Akaambiwa alipe. Akalipa, ng'ombe watatu wa mjane na wa faini juu yake, lakini akakataa kukiri. Kwa kule kukataa akatengwa. Ukitengwa hupewi salamu, hupewi moto, mkeo hateki maji wengine wakiwapo kisimani, na jembe lako likivunjika hakuna wa kukuazima.

"Masika moja," mjomba aliniambia, "alikuja hapa asubuhi na kigae. Moto ulikuwa umemzimikia, kuni zimelowa. Mimi nilikuwa nimechuchumaa pale, nimeshika kijinga mkononi, kinawaka. Akasimama. Hakusema kitu. Alinyoosha kile kigae tu."

"Ukafanya nini, mjomba?"

"Niligeuka nikamtazama ng'ombe."

Misimu miwili ya mvua ilipita hivyo. Kisha mwizi mwenyewe akakamatwa upande wa Shinyanga, akataja alikowapata wale ng'ombe na alikowauza. Wazee wakaitana chini ya mkwaju uleule. Wakamrudishia yule bwana mali yake yote, na mtamba mmoja juu, kwa kumfuta machozi.

"Ng'ombe tulimrudishia," mjomba alisema. "Misimu miwili hatukuwa nayo ya kumrudishia."

Nimeisoma na kuisikiliza mijadala mingi kuhusu sheria za kupambana na ugaidi, hapa kwetu na kwa majirani, na karibu yote huzungumza kwa mfano wa mizani: usalama wa taifa sahani hii, uhuru wa raia sahani ile, na kazi ya mtunga sheria ni kuzisawazisha. Mfano huo haunikai. Kwetu, mtu aliyelima pamba miaka thelathini hatangulii kusoma mizani inasemaje. Anauliza kwanza nani ameishika na stika ya Wakala wa Vipimo ni ya mwaka gani. Anajua kilo zinavyoweza kupotea huku mshale umetulia. Tena katika mizani hii ya sheria, anayepata usalama na anayepoteza uhuru si mtu mmoja. Mimi nalala salama, na mtoto wa jirani yangu ndiye analala rumande. Ni rahisi mno kuona uwiano ni mzuri ukiwa umekaa kwenye sahani yenye ugali.

Ninachotaka kukipima mimi ni muda. Sheria hizi zinapomwangukia mtu asiye na hatia, hicho ndicho kitu cha kwanza zinachochukua, na serikali yoyote duniani, hata iwe na hazina kubwa namna gani, haina ghala la kukitunzia hadi mwenyewe aje kukidai.

Siandiki kwa kudharau hofu. Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998, asubuhi, lori la bomu lililipuka kwenye ubalozi wa Marekani Dar es Salaam, dakika chache tu kutoka mlipuko wa Nairobi. Nairobi walikufa zaidi ya watu 200. Dar walikufa 11, na hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa Mmarekani. Gari la kubeba maji lililokuwa getini ndilo lililolizuia lile lori lisiingie ndani. Karibu miaka ishirini baadaye, mwezi Aprili 2017, askari polisi 8 waliuawa kwa mara moja Kibiti, na kwa miezi mingi viongozi wa vijiji katika ukanda ule walikuwa wakipigwa risasi milangoni mwao. Mtu aliyemzika mwenyekiti wake wa kijiji ana haki ya kuuliza serikali iko wapi. Anayemjibu kwa kumsomea ibara za Katiba tu hajamjibu.

Bunge letu lilitunga Sheria ya Kuzuia Ugaidi mwaka 2002, mwaka mmoja baada ya Septemba 11, wakati Umoja wa Mataifa ukizitaka nchi zote ziwe na sheria ya namna hiyo. Kenya walileta muswada wao mwaka 2003, ukakataliwa na wananchi na wabunge, na hawakupata sheria kamili hadi 2012. Sisi tuliupitisha wetu bila kelele kubwa. Tafsiri ya ugaidi ndani yake ni pana, inagusa hata uharibifu mkubwa wa mali, ingawa imeweka kando maandamano na migomo isiyokusudia madhara. Upana huo peke yake usingenitisha sana. Kinachonitisha ni mlango ambao neno lile linaufunga nyuma ya mtu mara tu linapoandikwa kwenye hati ya mashtaka.

Neno hilo lilifika kwetu wilayani. Mwaka 2011 mbunge wa Igunga, Rostam Aziz, alijiuzulu, na uchaguzi mdogo ukaitishwa Oktoba 2. Aliyekuwapo anakumbuka: bendera hadi kwenye mibuyu, helikopta zikitua viwanjani mwa shule, watoto wakikimbilia vumbi. Katika kampeni zile kijana mmoja wa chama tawala alimwagiwa tindikali. Ni unyama. Aliyefanya vile alistahili kusakwa na kufungwa, na Sheria ya Kanuni za Adhabu ina vifungu vya kutosha vya kumfunga miaka mingi mtu anayemdhuru mwenzake namna ile. Lakini mwaka 2013, karibu miaka miwili baadaye, makada wa chama cha upinzani cha CHADEMA walipopandishwa kizimbani Tabora kwa tukio hilo, shtaka lililosomwa lilikuwa la ugaidi. Baadaye neno hilo liliondolewa, wakapata dhamana. Mwaka huohuo Dar es Salaam, Wilfred Lwakatare, mkurugenzi wa ulinzi na usalama wa chama hicho, alikuwa ameshtakiwa kwa ugaidi kutokana na mkanda wa video. Mwezi Mei Jaji Lawrence Kaduri wa Mahakama Kuu akayafuta mashtaka ya ugaidi, likabaki shtaka la kula njama, ambalo lina dhamana.

Kwa nini basi ugaidi, kama vifungu vingine vilikuwapo? Siwezi kuingia moyoni mwa aliyeandika hati zile. Naweza kusema tu linalotokea neno hilo likishaandikwa. Kifungu cha 148(5) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kama tulivyokizoea kwa namba hiyo, kinasema kwa makosa fulani, ugaidi ukiwemo, mtuhumiwa hapewi dhamana. Hakimu hana la kuamua. Hawezi kuuliza huyu ana familia, ana shamba, alishawahi kutoroka, ni hatari kwa nani. Mahakama ya chini anayofikishwa kwanza haina mamlaka ya kuisikiliza kesi yenyewe. Inapokea tu, inataja tarehe, inasubiri upelelezi. Na upelelezi haukuwekewa siku ya mwisho. Basi mtu anakaa ndani kwa sababu ya jina la kosa, na jina la kosa linachaguliwa na upande uleule unaosema bado haujamaliza kuchunguza.

Masheikh wa jumuiya ya Uamsho ya Zanzibar walifikishwa mahakamani Dar es Salaam kwa mashtaka ya ugaidi mwaka 2014. Walirudi kwao Juni 2021, Mkurugenzi wa Mashtaka alipoiondoa kesi. Karibu miaka 7. Sina haja ya kukubaliana na mahubiri yao ili nione jambo hili. Kama walikuwa na hatia, basi waliotendewa uovu hawakupata hukumu. Kama hawakuwa nayo, watoto wao walianza shule ya msingi na kuimaliza baba akiwa mbali, na hakuna karatasi ya mahakama inayosema kwa nini. Mwezi mmoja tu baada ya wao kuachiwa, Freeman Mbowe, aliyekuwa mwenyekiti wa CHADEMA, alikamatwa Mwanza alikokwenda kwa kongamano la Katiba mpya, akashtakiwa kwa ugaidi, na Machi 4, 2022 kesi yake nayo ikaondolewa, siku chache baada ya Jaji Joachim Tiganga kusema ana kesi ya kujibu. Jioni ileile alikuwa Ikulu akizungumza na Rais. Nilifurahi kwa ajili ya amani ya nchi, na papo hapo nikajiuliza: mtu anayeshukiwa kupanga kulipua vituo vya mafuta asubuhi, anawezaje kuwa mgeni wa Ikulu jioni? Mojawapo ya mambo hayo mawili halikuwa na uzito wake.

Mahakama zetu zimewahi kuliona jambo hili waziwazi. Mwaka 1991, katika shauri la Daudi Pete, mtu aliyeshtakiwa Musoma kwa unyang'anyi, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilibatilisha sehemu ya kifungu hichohicho. Hoja yake, kwa maneno yangu, ilikuwa kwamba sheria ikitaka kumnyima mtu uhuru lazima iweke utaratibu wa kulipima jambo lake, na isitupe wavu mpana kiasi cha kunasa hata wasiokusudiwa. Miaka miwili baadaye, katika shauri la Kukutia Ole Pumbun, mahakama hiyo ikarudia: sheria inayobana haki iwe na kinga dhidi ya matumizi ya kiholela, na isibane zaidi ya inavyohitajika. Naziona hukumu hizo mbili kuwa miongoni mwa mambo bora yaliyoandikwa katika ardhi hii. Ndiyo maana niliumia mwaka 2020, Mahakama Kuu ilipokitengua kifungu cha 148(5) katika shauri la Dickson Sanga, kisha kabla miezi mitatu haijapita Mahakama ya Rufani ikakirudisha. Mwaka 2022 Bunge lilisogea kidogo: mtu asishtakiwe kabla upelelezi haujakamilika. Isipokuwa makosa makubwa. Yaani mlango umefunguliwa kwa wale ambao dirisha lao halikuwa limefungwa.

Mjomba, niliyekuwa nikimweleza haya, alinikatiza hapa. Alinikatiza kwa haki.

"Mpwa wangu," alisema, "na kama kweli ni gaidi? Umtoe kwa dhamana, aende akalipue watu wengine?"

Ni swali zito na sikutaka kulipita juujuu. Nilimjibu kwamba akiwa kweli ni hatari, Jamhuri iende mbele ya jaji iseme hivyo, ionyeshe kwa nini, na jaji amzuie. Jaji ana akili na anaishi nchi hii, na bomu halichagui jaji. Baada ya miezi kadhaa Jamhuri irudi tena kwa jaji huyohuyo, ionyeshe ilipofikia. Ikishindwa, mzigo usiwe wa mahabusu. Kenya, ambao wameumizwa zaidi yetu, Westgate watu 67, Chuo Kikuu cha Garissa watu 148, Katiba yao inamruhusu kila mtuhumiwa aombe dhamana, na ni jaji anayeamua kama kuna sababu nzito ya kumnyima. Desemba 2014, kwa hasira ya mauaji ya Mandera, bunge lao lilipitisha marekebisho ya sheria za usalama katikati ya ngumi na maji kumwagwa ukumbini. Februari 2015 Mahakama Kuu yao ikafuta vifungu 8, kikiwemo cha kuweka ukomo wa idadi ya wakimbizi na kingine kilichowabana waandishi wa habari. Sisemi Kenya ni salama kwa haki: vijana wa Mombasa waliopotea mikononi mwa watu wasiojitambulisha mama zao bado wanawatafuta. Nasema tu kwamba nchi yenye majeraha mabichi iliweza kumwachia jaji aamue.

Jambo jingine nilimweleza mjomba kwa sababu linahusu Watanzania wenzetu, na wengi hawalijui. Mvuvi mmoja mzaliwa wa Zanzibar alikamatwa Mogadishu mwaka 2003, akakabidhiwa kwa Wamarekani, akapelekwa Afghanistan kwenye gereza la siri la CIA. Aliteswa kwa giza, kwa muziki wa kelele, kwa kuning'inizwa. Mwaka 2008 walimwachia na kumpa barua inayosema hana hatari kwa Marekani. Miaka mitano, na barua. Mwaka 2017 wanasaikolojia wawili waliobuni mateso yale walikubali kumalizana naye na wenzake nje ya mahakama. Huyo ni asiye na hatia. Mwingine, Ahmed Khalfan Ghailani, naye wa Zanzibar, alihusika kweli na bomu la 1998, na alipofikishwa New York mwaka 2010, Jaji Lewis Kaplan alimkataa shahidi muhimu wa upande wa mashtaka kwa sababu jina la shahidi huyo lilipatikana kwa kumtesa Ghailani katika gereza la siri. Katika mashtaka zaidi ya 280 alitiwa hatiani kwa moja tu. Lilitosha kumfunga maisha, lakini familia za waliokufa Dar na Nairobi zilisikia "hana hatia" ikirudiwa mara mia mbili na zaidi. Mateso yale yaliyoitwa ya lazima ndiyo yaliyokula ushahidi.

Na hili tulilijua siku nyingi huku kwetu. Mwaka 1976, katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, kulikuwa na mauaji mengi, mengine ya vikongwe waliosingiziwa uchawi. Serikali ilitaka yakome haraka. Watu kwa mamia walikamatwa, wakahojiwa kwa mateso, na baadhi wakafia mikononi mwa vyombo vya dola. Ali Hassan Mwinyi alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Hakuwa ameshika fimbo, wala hakuwa Shinyanga, lakini alijiuzulu, na baadhi ya maofisa walifikishwa mahakamani. Mjomba aliwajua watu waliotoka kule mahabusu wakiwa hawawezi tena kushika jembe. Vikongwe hawakuacha kuuawa. Mwinyi baadaye akawa Rais, na wazee wa huku walikuwa wakimtaja kwa heshima ya pekee, kwa sababu walikuwa wamewahi kumwona mkubwa akibeba mzigo wa wadogo wake.

Nguvu ya kulinda ina tabia moja ya zamani katika nchi hii. Kusini kwetu ilipita njia ya misafara kutoka Bagamoyo, ikakata Ugogo na pori la Mgunda Mkali hadi Unyanyembe, na kila mtemi alipokea hongo ili msafara upite salama katika nchi yake. Hongo wakati ule lilikuwa neno la heshima, ada ya usalama. Mtemi Mirambo alipoifunga njia ya Ujiji mwaka 1871, alikuwa anadai, pamoja na mengine, kwamba ada hiyo ni yake. Leo ukisema hongo, kila mtu anasikia rushwa. Mimi naiona njia liliyopita neno lile. Ukimpa mtu mamlaka ya kuamua nani apite salama na usiweke wa kumwuliza, ada yake haikawii kugeuka. Tulitunga Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini mwaka 1962, uhuru ukiwa bado unanukia rangi mpya, kwa hofu ambazo baadhi zilikuwa za kweli. Tume ya Jaji Nyalali iliiweka katika orodha yake ya sheria 40 za kufutwa au kurekebishwa mwaka 1992. Hofu za 1962 zimekufa na waliokuwa nazo. Sheria yao ipo hadi leo.

Ndiyo maana ningependa sheria yoyote inayozaliwa na hofu iandikwe tarehe ya kufa, na ikitaka kuishi zaidi ije tena bungeni iombe. Ningependa mahabusu aliyekaa miaka kisha kesi ikaondolewa alipwe, si kwa huruma, bali kama deni, ili anayeomba tarehe nyingine mahakamani ajue kuna kitu kinahesabika. Na wale ambao hata mahakamani hawakufikishwa, kama mwandishi Azory Gwanda aliyechukuliwa Kibiti Novemba 2017 na hajaonekana tena, ningependa majina yao yaendelee kuulizwa bungeni kila mwaka kama bajeti.

Haya yote nilimweleza mjomba, jua likiwa limeshazama upande wa Nzega na mkewe ameanza kukoka moto wa chakula cha usiku. Alisikiliza. Sidhani alijali sana habari za vifungu. Mwisho nilimwuliza swali nililokuwa nalo tangu aliponisimulia habari ya kigae.

"Mjomba, kama ingekuwa leo, na nyayo zimefika mlangoni kwake vilevile, ungefanya nini tofauti?"

Alifikiri kitambo.

"Ningetoka na upinde," alisema. "Ng'ombe wa mjane wameibiwa, lazima utoke. Ningekaa chini ya mkwaju na wenzangu, tungemwuliza, tungemlinda asitoroke. Lakini asubuhi ile ya masika, ningempa moto."

Yule bwana bado yupo hai. Wanakutana gulioni. Mjomba anamsalimu, naye anaitika, mara nyingine wanaulizana habari za mvua. Ila benchi la mjomba hajawahi kulikalia.

Asubuhi nilipokuwa naaga, mjomba aliniuliza kesi ya mtoto wa jirani yangu itatajwa tena lini. Nikamwambia tarehe 19. Akamwita mkewe, wakanong'onezana, na mkewe akatoka ndani na mfuko wa michembe, umefungwa kwa kamba ya katani.

"Mpelekee."

Nilimwambia sina hakika kama watapokea chakula cha nje pale mahakamani.

"Wewe peleka tu," alisema. "Wakikataa, wakatae wao."